Kupima Si Kutukana

Sebuleni mwetu mna kisanduku cha mbao ambacho wageni hukikodolea macho wakidhani kimejaa vito. Mume wangu huwakatisha tamaa mapema. "Humo hamna pesa," huwaambia. "Mna vyuma vya kupimia pesa za watu waliokufa zamani." Kisha hucheka na kuongeza kwamba wenzangu walirudi kutoka Uingereza na magari, mimi nikarudi na shaba iliyochakaa.

Hasemi uongo. Kisandukuni mna vipande 31 vya shaba, vingi vikiwa vidogo kama kifungo cha koti. Vingine ni vya mviringo, vingine vya mraba. Kimoja kina kichwa cha mfalme aliyevaa taji, kingine kina tarakimu tu. Ukikiokota barabarani ungedhani umeokota sarafu, ukimbie nacho dukani, muuza duka akurudishie kwa dharau. La hasha, si sarafu. Ni vijiwe vya mizani. Waingereza wa zamani walivitumia kuhakikisha kwamba sarafu ya dhahabu waliyopewa ina uzito wake kamili.

Najua, msomaji, utauliza: mwalimu mzima, mwenye watoto wa kulipia karo, ana shughuli gani na vijiwe vya Waingereza? Ili nikujibu, sharti nianze na jiwe jingine kabisa, lililotoka mtoni kwetu.

Mwaka wa 1986 nilikuwa darasa la sita huko kwetu milimani, mahali ambapo kila boma lina mashina yake ya majani chai. Mama alikuwa akichuma tangu umande haujakauka, anajaza kikapu, anakipeleka kituoni, karani anakitundika kwenye mizani ya kuning'inia na kuandika kilo kitabuni. Kwa muda mrefu Mama alikuwa akilalamika kwamba mgongo wake unasema jambo moja na kitabu kinasema jingine. Wanawake wenzake waliguna tu. Nani angethubutu kumwuliza karani?

Siku moja Mama alimpeleka ndugu yangu mdogo kliniki. Mtoto alipokwisha kupimwa, Mama alifungua leso akatoa jiwe la mtoni, jeusi, laini kama yai, akamwomba muuguzi alipime pia. Muuguzi alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini akalipima. Kilo nne na nusu. Akaandika hivyo nyuma ya kadi ya mtoto na kutia sahihi.

Jioni ile tulifuatana hadi kituoni. Zamu ya Mama ilipofika, hakutoa kikapu cha majani. Alitoa jiwe. "Karani, nipimie hili kwanza."

Mshale ulisimama kabla haujafika nne.

Kituo kizima kilinyamaza. Karani akamtazama Mama, uso umembadilika. "Mama, hutuamini? Wanitukana mbele ya watu?"

"Sikutukani, mwanangu," Mama akajibu. "Napima."

Ghasia iliyofuata sitaieleza. Itoshe kusema kwamba baada ya wiki chache kulikuwa na mizani mpya na karani mpya. Mama akabandikwa jina la Mama Jiwe, na wanawake wakamheshimu. Lakini mimi sikufurahi hata kidogo. Karani yule alikuwa na binti, na binti huyo ndiye niliyeketi naye dawati moja. Baada ya likizo hakurudi shuleni. Watu walisema babake amepoteza kazi na wamehama. Darasani mimi nikawa "mtoto wa Jiwe", na kila nilipolitazama lile jiwe, ambalo sasa lilizuia mlango wa jikoni, nililichukia. Nilijiambia kwamba mtu mwenye adabu hampimi mwenzake. Angemwamini tu, au angenyamaza.

Nilikaa na fikira hiyo miaka 17.

Mwaka wa 2003 nilikwenda Uingereza kusoma, kisha nikapata kazi ya kufundisha, nikaishi kaskazini-magharibi, si mbali na Liverpool. Karibu na hapo kuna mji mdogo uitwao Ormskirk, wenye soko la barabarani kila Alhamisi na Jumamosi. Ni soko la enzi na enzi. Jumamosi moja ya baridi nilisimama kwenye meza ya mzee mmoja aliyeuza vikorokoro: vijiko, funguo kuukuu, medali za vita. Nikaokota kipande cha shaba nikamwuliza ni pesa ya mwaka gani.

"Hiyo si pesa, binti," akaniambia. "Hiyo ni ya kumwumbua mtu anayekupa pesa mbovu."

Nikahisi kana kwamba nimemwona Mama amesimama nyuma ya ile meza na leso yake. Nikalipa pauni sita bila kuomba apunguze.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Zamani pesa haikuwa karatasi yenye ahadi. Sarafu ya dhahabu ilikuwa na thamani kwa sababu ya dhahabu iliyomo, basi. Nayo dhahabu ni laini. Ikipita mkononi, mfukoni na mezani miaka ishirini au thelathini, inalika kidogo kidogo kama sabuni. Huo ni uchakavu wa haki. Lakini walikuwapo pia wajanja. Kuna waliochukua mkasi wakakata kingo za sarafu. Kuna waliotumia tupa. Kuna waliotia sarafu nyingi ndani ya mfuko wa ngozi wakazitikisa kwa nguvu, zikakwaruzana, halafu wakakusanya vumbi la dhahabu lililobaki mfukoni. Sarafu ikarudi sokoni ikiwa na sura ile ile ya mfalme, imekonda tu.

Serikali haikufanya mzaha na watu hao. Kukata sarafu kulihesabiwa kuwa uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo. Hata yule mwanasayansi mashuhuri Isaac Newton, ambaye watoto wetu humsoma katika fizikia, aliajiriwa katika kiwanda cha serikali cha kufua sarafu mwaka wa 1696, akawawinda waghushi kama askari kanzu. Mmoja wao, William Chaloner, alinyongwa jijini London mwaka wa 1699.

Hata hivyo kamba haikutosha. Mwenye duka hakuweza kungoja mahakama. Alihitaji kujua papo hapo, mteja angali amesimama mbele yake, kama sarafu ile inafaa. Hapo ndipo kijiwe kilipoingia. Sarafu upande mmoja wa mizani, kijiwe upande wa pili. Ikiinuka juu, rudi nayo kwenu. Kijiwe kiliwafichua waghushi pia, kwa kuwa dhahabu ni nzito kuliko shaba kwa mbali. Anayetaka shaba yake iwe na uzito wa dhahabu sharti aifanye nene au pana, na macho yatamgundua.

Kijiwe changu cha zamani kuliko vyote ni cha enzi ya Mfalme James wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia 1603 hadi 1625. Upande mmoja kuna kichwa chake, upande wa pili kumeandikwa kwa tarakimu za Kirumi kwamba ni cha shilingi 22. Sarafu iliyopimwa nacho ilianza ikiwa ya shilingi 20, ikapandishwa hadi 22 mwaka wa 1611. Naam, bei za vitu kupanda hazikuanza na sisi.

Kuna vijiwe vingine vilivyonifunza jiografia. Kimoja kimeandikwa shilingi 36, kingine shilingi 27. Hizi hazikuwa sarafu za Kiingereza kabisa. Zilikuwa za Ureno, zilizofuliwa kwa dhahabu ya Brazil, na katika karne ya 18 zilienea Uingereza hata mafundi wa huko wakalazimika kutengeneza vijiwe vyake. Fundi mmoja, John Kirk, alitia jina lake kwenye kazi yake, nawe ukikutana na jina hilo sokoni hata leo, moyo huruka.

Lakini vijiwe vilivyo vingi sana, na ambavyo mtu wa mshahara mdogo kama mimi anaweza kuvimudu, ni vya sarafu iliyoitwa gini. Jina hilo halikutoka mbali na sisi. Gini ni ile pwani ya Afrika Magharibi. Sarafu hiyo ilianza kufuliwa mwaka wa 1663, na dhahabu nyingi ya mwanzo ililetwa na kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara katika pwani hiyo. Baadhi ya gini zilitiwa picha ndogo ya ndovu chini ya kichwa cha mfalme kuonyesha dhahabu ilikotoka. Kampuni hiyo hiyo ilisafirisha watumwa kwa maelfu. Kwa hiyo kila ninapoweka kijiwe cha gini kiganjani, nakumbuka kwamba Mzungu aliipima dhahabu hadi punje ya mwisho, ilhali binadamu waliobebwa na meli za kampuni hiyo hawakuwa na mizani ya kuwapimia haki yao.

Nimetaja punje. Hicho ndicho kipimo chenyewe, na asili yake ni punje ya nafaka. Punje 24 hufanya kipimo kiitwacho peniweti, na peniweti 20 hufanya wakia moja ya dhahabu. Gini mpya ilikuwa na punje 129 na kitu kidogo, yaani gramu 8 na sehemu, na tangu 1717 thamani yake iliwekwa kuwa shilingi 21. Ukigawanya utaona kwamba punje moja ilikuwa karibu peni mbili. Si haba, maana kibarua wa shambani wakati huo alihitaji kufanya kazi wiki mbili au tatu ili kupata gini moja.

Huko Ormskirk kwenyewe, mahali nilipopata kijiwe changu cha kwanza, palikuwa na mafundi waliotengeneza mizani za gini za kutia mfukoni. Mmojawao aliitwa Wilkinson. Mizani hiyo hukunjwa ndani ya kisanduku chembamba cha mbao. Ukifungua kifuniko, mkono wa shaba huinuka wenyewe. Una kibao kidogo cha kugeuza: upande huu gini nzima, upande ule nusu gini. Tena kuna kitelezi cha kukuonyesha sarafu imepungua kwa kiasi gani. Mchuuzi angeweza kukaa juu ya farasi wake akapima.

Hapo, msomaji, ndipo nilipoanza kujiona mjinga. Watu hao walipima sarafu yenye sura ya mfalme wao. Si ya karani, ya mfalme! Na hakuna aliyesema, "Hutuamini?" Mfanyabiashara aliyetoa gini alisubiri kimya mwenzake aipime, kwa kuwa kesho yeye naye angeipokea na kuipima. Mizani mezani ilikuwa jambo la kawaida kama salamu.

Kilichonigusa zaidi ni cha miaka ya 1770. Gini zilikuwa zimechakaa na kukatwa mno, serikali ikaamua kuzikusanya zile nyepesi na kuzifua upya. Ikaweka sheria ya uzito wa chini unaokubalika: peniweti 5 na punje 8, yaani punje 128. Tarakimu hizo mbili, 5 na 8, zimeandikwa kwenye vijiwe vyangu kumi na viwili. Angalia hesabu hiyo. Gini mpya ni punje 129 na zaidi, lakini sheria inaridhika na 128. Hiyo punje moja na ushei ni ya nani? Ni ya mikono. Ni kile ambacho watu waaminifu hula bila kujua, kwa kupokea na kutoa tu. Sheria ilijua tofauti kati ya kuchakaa na kuibiwa, ikaiandika kwa tarakimu.

Tena mwaka wa 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba vijiwe vyenyewe vikaguliwe na kupigwa muhuri. Maana mwenye kijiwe chepesi ni mwizi sawasawa na mwenye mkasi.

Nilirudi nyumbani mwaka wa 2014. Baba alikuwa amekwisha kututoka, na Mama alikuwa mzee, macho yamepungua nuru lakini ulimi ungali mkali. Nilimpelekea kisanduku changu. Aliviokota vijiwe kimoja kimoja, akavipapasa kwa kidole gumba. Nikamweleza yote: mikasi, mifuko ya ngozi, mizani za mfukoni. Mwishoni nikamwambia nililotaka kumwambia miaka mingi. "Mama, nilikuonea haya siku ile kituoni. Nisamehe."

Hakunijibu hilo. Aliinua kijiwe cha gini akauliza, "Na hiki chenyewe, nani alikipima?"

Nikamweleza habari ya 1774 na muhuri. Akanyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Langu lilipimwa mara moja tu, na mizani ya kliniki. Nayo mizani ya kliniki, nani aliipima? Mwanangu, miaka yote hii najiuliza. Kama ile ya kliniki ndiyo iliyokuwa mbovu, basi nilimfukuzisha kazi mtoto wa watu bure."

Kumbe! Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa na karani yule moyoni. Mama naye alikuwa amelala naye na kuamka naye miaka 28, na jiwe liko pale pale mlangoni likimtazama.

Mwezi uliofuata nilirudi na mizani ya jikoni, ile ya betri. Lakini nilikuwa nimejifunza somo la kisanduku changu. Kwanza nilikwenda kwa mwenye duka, nikamwomba mawe yake mawili ya kilo mbili mbili, ya chuma, yenye muhuri wa wakaguzi wa serikali. Nikayapima. Mizani ikasema kilo nne kamili. Ndipo nikalitoa jiwe la Mama mlangoni, nikalipangusa majivu, nikaliweka.

Mama aliketi kwenye kigoda, mikono magotini. "Soma," akasema. "Usinifiche."

"Kilo nne na gramu 460."

"Zimepungua arobaini."

"Limemeguka hapa pembeni, Mama. Watoto wamevunjia makadamia, na mlango umeligonga miaka mingi."

Alilipapasa pale palipomeguka. Nikamweleza habari ya punje 128, jinsi sheria ilivyoacha kidogo kwa ajili ya mikono. Akatikisa kichwa polepole. "Basi hizo arobaini ni za mlango. Msamehe mlango," akasema, na nikamwona anashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu nikiwa darasa la sita.

Baada ya muda akaongeza, "Mizani ya kituo ilikuwa mbovu, sawa. Lakini yule kijana hakuitengeneza yeye. Huenda hata hakujua. Ningemwambia kando, tuipime sisi wawili, kabla ya kuita watu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Nilipokuwa mtoto niliona kosa la Mama ni kupima. Nilipokuwa Uingereza niliona kwamba hakuwa na kosa lolote. Mama mwenyewe aliona kitu cha tatu: kwamba kupima ni haki, hata ni wajibu, lakini anayepima naye apime jiwe lake, na aache punje moja kwa ajili ya uchakavu wa binadamu. Hao waliopimana gini walikuwa na nafuu moja sisi hatukuwa nayo. Mizani ilikuwa mezani kila siku kwa kila mtu, kwa hiyo haikumwumbua yeyote. Pale kituoni ilikuwa ya upande mmoja tu, na ndiyo maana ilipopimwa ikawa vita.

Nawaambia wanafunzi wangu hivi: mkihesabu chenji mbele ya mwenye duka, msione haya. Mkiniletea karatasi ya mtihani mkasema nimewanyima alama, sitakasirika. Nitachukua kalamu tuhesabu pamoja.

Mama alitutoka mwaka wa 2019. Ndugu zangu waligawana ng'ombe na mashina ya chai. Mimi niliomba kitu kimoja tu, na hakuna aliyenipinga. Kisandukuni halikuingia, kwa hiyo liko juu ya kabati, karibu na vijiwe vya mfalme.

"Sasa umefikia kukusanya hata mawe ya mtoni?" mume wangu akauliza siku nililolileta.

"Lipime kwanza," nikamwambia.

Akalipima.